Ludwig Krapf: Mgeni Aliyejifunza Kiswahili Mombasa

1. Herufi tunazozisoma

Ndugu mwanakisomo, maneno unayoyasoma hapa yameandikwa kwa herufi a, b, ch, d na nyinginezo. Herufi hizi huitwa herufi za Kilatini. Zamani Kiswahili hakikuandikwa hivi. Kwa miaka mingi watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Waliandika barua, hesabu za biashara na tenzi ndefu.

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kitabu cha sarufi na kamusi ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini alikuwa Mjerumani. Jina lake Johann Ludwig Krapf. Alikuwa mmisionari, yaani mtu aliyetumwa nchi za mbali kueneza dini ya Kikristo.

Somo hili halikusudii kufundisha dini. Linaeleza jinsi mgeni huyu alivyoishi miezi yake ya kwanza Mombasa, mwaka 1844. Alikuwa na umri wa miaka 34. Alikuja kufundisha watu, lakini alipofika hakujua lugha yao. Ilimbidi kwanza awe mwanafunzi.

2. Utoto wake

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810, katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulitenda. Kwa kipigo hicho aliugua muda wa miezi sita. Alipokuwa kitandani alisoma sana, hasa Biblia. Hapo ndipo alipoanza kupenda vitabu.

Baadaye alipelekwa shule ya Tübingen. Kutoka kijijini alikwenda kwa miguu. Huko alipata kitabu cha ramani za dunia. Alipoitazama ramani ya Afrika, aliona sehemu za mashariki zina majina machache sana ya miji. Akajiuliza kama huko kuna watu, au kuna jangwa na fisi peke yao. Akatafuta kitabu cha msafiri mmoja aliyekwenda Ethiopia, akakisoma. Tangu siku hizo Afrika haikumtoka moyoni.

Tunajua kwamba ramani ile haikusema kweli. Watu walikuwapo, na miji na vijiji vilikuwapo. Waliochora ramani huko Ulaya ndio waliokuwa hawajui.

Mwaka 1827 Krapf aliingia chuo cha wamisionari huko Basel, katika nchi ya Uswisi.

3. Safari ya kwanza: Ethiopia

Mwaka 1837 Krapf aliondoka Ulaya. Alikuwa kijana wa miaka 27. Alitumwa na chama cha wamisionari cha Uingereza, kiitwacho C.M.S. Alikwenda Ethiopia.

Huko alipata taabu. Mwaka 1838 alifukuzwa katika mji wa Adwa. Kisha alikwenda Shoa, katika nchi ya Mfalme Sahle Selassie, akakaa huko tangu mwaka 1839 mpaka mwaka 1842. Alijifunza Kiamhara. Alijifunza pia lugha ya Waoromo. Waoromo ni watu wengi sana, na nchi yao ni kubwa. Krapf alikusudia kufanya kazi kati yao.

Mwaka 1842 alikwenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, aliyetoka Basel. Wakaoana katika mji wa Alexandria. Walipotaka kurudi Shoa, njia ilikuwa imefungwa. Walipokuwa safarini, Rosine alijifungua mtoto wa kike nyikani, mbali na msaada. Mtoto alikufa. Walimwita Eneba, maana yake chozi.

Krapf akafikiri tena. Kama mlango wa kaskazini umefungwa, labda upo mlango wa kusini. Waoromo wengine waliishi kusini, si mbali na pwani ya bahari ya Hindi. Akaamua kwenda pwani hiyo.

4. Kufika Unguja

Mwezi Novemba 1843, Krapf na mkewe walipanda chombo cha Waarabu huko Aden. Chombo hicho kiliingia maji, wakanusurika kufa. Wakaokolewa na kurudi Aden, kisha wakasafiri tena kwa chombo kingine. Walifika Unguja mwezi Januari 1844.

Hawakuwa na ndugu huko. Konsuli wa Marekani, Bwana Richard Waters, aliwakaribisha nyumbani kwake. Konsuli wa Uingereza, Kapteni Hamerton, alimpeleka Krapf kwa Sultani Sayyid Said.

Sultani alitoka kumlaki mgeni kwa heshima. Wakaingia katika ukumbi mkubwa. Sakafu ilikuwa ya mawe ya marumaru, taa kubwa ilining'inia katikati, na viti vilitoka Marekani. Krapf alizungumza na Sultani kwa Kiarabu, maana lugha hiyo aliijua. Akaeleza habari za Ethiopia na nia yake ya kwenda kwa Waoromo. Sultani alimsikiliza, akamwonya juu ya hatari zilizoko, akaahidi kumsaidia. Alimpa barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaagiza wamtendee mema.

Tuangalie jambo hili vizuri. Sultani alikuwa Mwislamu, na Krapf alikuja kuhubiri Ukristo. Hata hivyo alipokewa kwa adabu. Kumpokea mgeni ni desturi ya pwani. Tena, Krapf aliweza kueleza shida yake kwa sababu alijua lugha ya mwenyeji wake. Kama angekuwa bubu mbele ya Sultani, huenda mambo yangekuwa magumu zaidi.

5. Siku za kwanza Mombasa

Baadhi ya watu walimshauri Krapf abaki Unguja. Maisha ya hapo yalikuwa rahisi zaidi kwa Mzungu. Yeye alitaka kuwa karibu na watu wa bara. Kwa hiyo alichagua Mombasa. Mwezi Machi 1844 alikwenda kuutazama mji huo, na kufikia mwezi Mei alikuwa amehamia huko pamoja na mkewe. Rosine alikuwa mja mzito tena.

Mombasa ni kisiwa. Wakati ule mji ulikuwa upande wa mashariki, karibu na Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno. Ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa ulikuwa umeshindwa mwaka 1837, na liwali wa Sultani wa Unguja ndiye aliyetawala. Waswahili, Waarabu na Wahindi waliishi mjini. Watu wa Mijikenda waliishi ng'ambo, katika vilima vya bara. Watu wa mjini waliwaita Wanyika. Wakamba walileta pembe za ndovu kutoka mbali. Watumwa nao walikuwapo, maana biashara ya utumwa ilikuwa bado haijakomeshwa.

Krapf alisikia watu wakisema sokoni, pwani na barazani. Aligundua jambo moja kubwa. Mkamba akitaka kuuza pembe, Mhindi akitaka kununua, na Mwarabu akitaka kutoza ushuru, wote walielewana kwa Kiswahili. Lugha hii ilikuwa kama daraja kati ya makabila. Asiyeijua angebaki upande mmoja wa mto.

6. Mwanafunzi mtu mzima

Krapf alianza kujifunza Kiswahili. Hakuwa na kamusi ya kumsaidia. Hakukuwa na kitabu cha sarufi cha kufungua. Hakuwa na shule. Alikuwa na masikio yake, karatasi, wino na watu.

Lugha za Ulaya alizozizoea hubadilisha maneno hasa mwishoni. Kiswahili hubadilisha mwanzoni. Tunasema mtu, watu, kiti, viti, mti, miti. Sisi tulijifunza haya tukiwa watoto, kwa hiyo hatuyafikirii. Mgeni lazima ayafikirie yote. Akisema kiti mzuri badala ya kiti kizuri, watoto watamcheka. Hana budi kuvumilia.

Krapf alitafuta mwalimu. Alimpata kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Kadhi ni mwamuzi wa mambo ya sheria ya Kiislamu. Sheikh Ali alikuwa mtu mwenye elimu kubwa. Yeye na Krapf walielewana kwa Kiarabu. Basi Kiarabu kilikuwa ngazi ya kupandia kwenye Kiswahili. Mwanakisomo, kumbuka jambo hili. Elimu ndogo uliyo nayo hukusaidia kupata nyingine.

Tarehe 8 Juni 1844, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, kitabu cha kwanza cha Biblia. Sheikh huyo alimsaidia. Ni jambo la kustaajabisha. Mkristo na Mwislamu walikaa pamoja, wakatafuta neno la Kiswahili lililo sawasawa. Habari ya kuumbwa kwa dunia haikuwa ngeni kwa Sheikh, maana Waislamu nao wana habari hiyo. Kila mmoja alibaki na dini yake, na kazi ikaendelea.

Krapf alifanya haya alipokuwa Mombasa kwa muda mfupi tu. Hakungoja mpaka ajue lugha yote. Alijifunza kwa kufanya kazi. Alikosea, akasahihisha, akaandika tena.

7. Msiba wa mwezi Julai

Mwanzoni mwa mwezi Julai 1844 Krapf alishikwa na homa kali. Siku chache baadaye Rosine naye akashikwa. Tarehe 6 Julai alijifungua mtoto wa kike. Homa haikumwacha. Mume alilala upande mmoja na mke upande wa pili, wote hawajiwezi.

Rosine alipoona hatapona, aliwaita watu wa nyumbani akawaaga. Alimwomba mumewe asiache kazi yake. Aliomba pia azikwe bara, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi lake. Tarehe 13 Julai alikufa. Krapf aliinuka kwa shida kumtazama mkewe. Haukupita muda mrefu, mtoto naye akafa.

Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf alikuwa amezika mke na watoto wawili katika muda wa miaka miwili. Alikuwa mgonjwa, peke yake, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa ameijua nusu tu.

Ni ugonjwa gani uliowapata? Kwa dalili zake, inaelekea ilikuwa malaria. Siku hizo watu wengi wa Ulaya walifikiri homa hii huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Mpaka mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Krapf hakujua kwamba adui yake alikuwa mdudu mdogo anayeruka usiku. Hakujua pia kwamba malaria ni hatari zaidi kwa mama mja mzito. Sisi tunajua. Mama mja mzito alale ndani ya chandarua chenye dawa, ahudhurie kliniki, na akipata homa apelekwe upesi kwenye zahanati.

8. Kwenda mbele

Marafiki wa Krapf wangeelewa kama angerudi kwao. Yeye aliandika barua kwa chama chake. Aliwaambia kwamba sasa wana kaburi moja katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili ya kazi iliyoanza. Alipopata nguvu alirudi kwenye daftari lake la maneno. Alianza pia kutembelea vijiji vya Mijikenda, akiwa na maneno yake ya Kiswahili na kujifunza lugha yao.

Kwa muda wa karibu miaka miwili alifanya kazi bila mwenzake. Mwezi Juni 1846 alifika kijana mmoja Mjerumani, Johannes Rebmann, mwenye umri wa miaka 26. Yeye naye hakukawia kushikwa na homa. Mwezi Agosti wa mwaka huo waliwaomba wazee wa Rabai ruhusa ya kukaa kwao. Wazee walikubali. Wageni hao wawili walipanda kilima cha Rabai wakiwa bado dhaifu kwa homa.

Huko nako walikuwa na mengi ya kujifunza. Baada ya ibada ya kwanza, Krapf aliambiwa waziwazi na mwenyeji mmoja kwamba watu wangekuja kila mara kama wangepewa wali na ng'ombe. Kwa desturi ya huko, watu hawaitwi kwenye mkutano mkubwa bila ya kula na kunywa. Krapf alisikitika, lakini mwenyeji alisema kweli kwa desturi yake. Mgeni huona neno lake tu. Mwenyeji huona pia kama amekaribishwa ipasavyo.

9. Mema na mapungufu yake

Tukieleza maisha ya mtu, tueleze yote. Krapf hakupata wafuasi wengi. Miaka mingi ilipita, na waliobatizwa walikuwa wachache sana. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa alipokuwa karibu kufa. Hata nia ya Krapf ya kufika kwa Waoromo haikutimia.

Tena, aliamini kwamba dini yake peke yake ndiyo ya kweli. Mara nyingi aliandika kwa dharau juu ya mila za watu waliompokea. Alipendelea herufi za Kilatini kwa sababu mbili. Aliona kwamba herufi za Kiarabu hazionyeshi vizuri sauti zote za Kiswahili. Pia alitaka kuwatenga wasomaji wake na vitabu vya Kiislamu. Sababu hii ya pili haikuwapendeza wengi wa pwani.

Lakini kazi yake ya lugha ilikuwa kubwa. Mwaka 1847 sura tatu za kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili zilichapishwa Marekani. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Ujerumani. Mwaka huohuo alitoa orodha ya maneno ya lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa mkono alizipeleka Ujerumani, zikahifadhiwa.

Alisafiri pia. Mwaka 1848 alifika Usambara kwa Mfalme Kimweri. Mwaka huohuo Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, Krapf aliuona mlima Kenya kwa mbali. Wataalamu wengine wa Ulaya waliwacheka. Walisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Wenyeji waliokaa chini ya milima hiyo walijua habari zake siku zote.

10. Mwisho wa maisha yake

Krapf aliondoka pwani mwaka 1853 kwa sababu ya afya mbaya. Alirudi tena mwaka 1862 kuwasaidia wamisionari wengine kuanza kazi Ribe, kisha akarudi kwao. Rebmann alibaki Rabai mpaka mwaka 1875, akiwa amekuwa kipofu.

Ujerumani, katika mji wa Korntal, Krapf aliendelea na kamusi yake ya Kiswahili mpaka uzee. Alikufa tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilichapishwa London mwaka 1882. Hakuiona.

Kiswahili alichokiandika hasa ni Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa. Mtu wa Mombasa akisema mato, wa Unguja husema macho. Baadaye, mwaka 1930, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili, na Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi. Kwa hiyo kitabu chako hiki hakifuati maandishi ya Krapf neno kwa neno. Lakini waliomfuata walitumia kazi yake.

Kamusi ile ina jina moja juu ya jalada. Ndani yake yamo maneno ya watu wengi: Sheikh Ali bin Muhiddin, wavuvi, wachuuzi, wazee wa Rabai, wanawake na watumwa wa Mombasa. Wengi wao majina yao hayakuandikwa. Wao ndio waliokuwa walimu. Krapf aliuliza, akasikiliza, akaandika.

Katika kijiji chako wapo wazee wanaojua majina ya miti, dawa, samaki na nyota. Wewe sasa unajua kuandika. Waulize kabla hawajaondoka.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Krapf alichagua kukaa Mombasa badala ya Unguja?
2. Sheikh Ali bin Muhiddin alimsaidia Krapf kwa njia gani?
3. Rosine alikufa mwaka gani? Sisi tunaweza kufanya nini ili kuwakinga mama waja wazito na malaria?
4. Taja jambo moja jema alilofanya Krapf, na jambo moja ambalo hulikubali. Eleza sababu zako.
5. Mtu mzima anayejifunza hupata aibu gani? Anaweza kuishindaje?
6. Zoezi: Mwendee mzee mmoja wa kijiji chako. Mwombe akuambie maneno kumi ya zamani ambayo vijana hawayatumii. Yaandike, pamoja na maana zake, uyalete darasani. Andika pia jina la mzee huyo.